Pansy Hajatoka Uani

Jumatatu, 4 Machi

Tumefika Cwmhesgin mchana, chini ya mvua ya manyunyu. Nyumba ni nzuri kuliko ile ya mwezi uliopita, ambako paka alikuwa na chumba chake na sisi tukalala kando ya boila. Hapa kuna jiko la chuma linalowaka mchana kutwa, na kitanda kipana kiasi kwamba Glenys na mimi tunaweza kununiana humo bila kugusana.

Mwenye nyumba ni Bi Lavinia Prosser, hakimu mstaafu. Anakwenda Madeira na mumewe kuota jua. Mbwa wake anaitwa Pansy. Pansy ni jina la ua dogo la bustanini. Mbwa mwenyewe ni wa kijivu, miguu mirefu, mkubwa kama ndama. Aliniegemea pajani na kufumba macho. Mbwa wananipenda. Glenys anasema wanapenda soseji ninazotembea nazo mfukoni.

Bi Prosser alitupa agizo moja tu, lakini alilitoa mara mbili, na mara ya pili alinitazama mimi peke yangu. Pansy asifunguliwe kamba nje ya ukuta wa ua. Huu ni msimu wa kondoo kuzaa. Mashamba yote yanayoizunguka nyumba ni ya Bwana Emrys Bevan, na Bwana Bevan akimkuta mbwa anasumbua kondoo wake hupiga risasi. Sheria inamruhusu. Amewahi kufanya hivyo, na mwenye mbwa alikuwa binamu yake.

Nikasema sisi tuna uzoefu. Glenys akasema tutamfunga kamba.

Ni kweli tuna uzoefu. Hatuna kwetu. Tulikuwa na nyumba Kidderminster, mpaka nilipoiuza ili tufuge alpaka, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu. Sitaki kuandika habari za alpaka. Tangu hapo tunazunguka mashambani, nyumba ya huyu hadi nyumba ya yule, tukitunza mbwa wa watu wakati wenyewe wako safarini, gari limejaa masanduku na mto wa Glenys wa kulalia. Mimi naita maisha haya uhuru. Glenys zamani naye aliyaita hivyo. Siku hizi hayaiti kitu.

Wakati wa kuagana Bi Prosser ametaja jambo. Rafiki yake ana nyumba ufukweni Pembroke, na kila mwaka huenda Afrika Kusini kuanzia Septemba hadi Aprili. Amemwomba ampendekezee mtu wa kukaa na mbwa wake. Glenys aliposikia hivyo alinishika mkono, kitu ambacho hajafanya kwa muda. Nyumba moja, baridi yote mpaka iishe. Angetundika nguo kabatini na kuzisahau humo.

Lazima niipate nyumba hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Dukani kijijini nimekutana na nani? Barnaby Cutbush.

Barnaby na mkewe Hilary wanafanya kazi hii hii yetu, ila wao hupata nyumba zenye mabwawa ya kuogelea. Sasa wako ng'ambo ya bonde, wanamtunza Sultan, mbwa wa kijivu mwenye macho ya buluu, wa aina ile inayovuta mikokoteni ya theluji. Barnaby alinipiga bega kama mtu anayepiga mto.

"Mervyn, kaka! Bado mnahangaika na yale masanduku?"

Nikamwambia tumepumzika kidogo milimani. Akaniuliza kama nimesikia habari za nyumba ya Pembroke. Nikasema nyumba gani. Akacheka. Mwenye Sultan naye ni rafiki wa yule mama mwenye nyumba hiyo, na tayari amemtumia picha aliyoipiga Barnaby. Akatoa simu kunionyesha, ingawa sikuomba. Sultan juu ya mwamba, jua nyuma yake, upepo kwenye manyoya, shingoni hana kamba.

"Mama wa watu aliiona akalia," Barnaby akasema.

Nikasema mwanga ni hafifu upande wa kushoto. Kisha nikasahau mkate niliotumwa.

Nimewaza njia nzima. Watu hawapendekezi mtunza mbwa kwa sababu hakutokea tatizo. Wanampendekeza kwa sababu ya picha. Jioni, Glenys akiwa anaoga, nimemfungua Pansy uani kumjaribu. Nikasema kaa, akakaa. Nikasema njoo, akaja. Nikaenda hadi mwisho wa ukuta na kuinua soseji, akaja kama mshale na kusimama miguuni pangu. Mbwa huyu ana akili kuliko watu wengi niliouza nao mazulia.

Bi Prosser alisema asifunguliwe kwa sababu hajawahi kumwona Pansy akiwa na mtu anayemwelewa.

Jumatano, 6 Machi

Naandika nikiwa nimeufunga mlango wa bafuni kwa ndani.

Asubuhi Glenys amekwenda mjini na gari kwa daktari wa meno. Jua limetoka, jambo la nadra huku. Baada ya chai nimempandisha Pansy hadi juu ya mgongo wa kilima, nikamweka kwenye jiwe kubwa na kumfungua kamba. Akakaa kama sanamu. Masikio juu. Nyuma yake bonde zima la kijani, na kondoo chini kabisa kama punje za mchele. Nimepiga picha moja tu. Sikuhitaji ya pili. Nikamtumia Bi Prosser hapo hapo, na maneno: "Malkia wa mlima."

Sijairudisha simu mfukoni, sungura akatoka kwenye majani.

Kama ningesema Pansy alikimbia ningekuwa nasema uongo. Kukimbia ni jambo ambalo jicho linaona. Alikuwepo, kisha hakuwepo. Jiwe lilikuwepo.

Nikapiga mluzi. Nikamwita kwa jina, kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kumbembeleza. Nikaziita soseji. Kutoka bondeni zikaanza kupanda sauti za kondoo, si mmoja, wengi, na mimi nikaketi juu ya lile jiwe. Nilimfikiria Bwana Bevan na bunduki yake. Nilisubiri mlio. Kila kondoo alipolia nilisema sasa.

Nimeshuka nikijificha kwenye ua wa miti. Nikamkuta kwenye njia ya chini, amelala kando ya lango, anahema. Damu puani, damu kidevuni, damu mpaka kifuani. Alivyoniona alitikisa mkia kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Nikavua koti nikamfunika kichwa. Nikampitisha nyuma ya mazizi nimeinama, mimi mtu wa miaka sitini na mmoja. Nimemwingiza kwenye bafu la Bi Prosser, nikamwagia maji huku nimegeuza uso, kwa sababu damu siiwezi. Chupa nzima ya sabuni ya lavenda imekwisha. Maji yalikuwa mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe. Taulo nimezifua.

Simu imelia katikati ya kazi. Bi Prosser: "Picha nzuri. Kamba iko wapi?"

Nimejibu kwamba ni kamba nyembamba ya kisasa, haionekani kwenye picha. Nimeridhika hasa na hilo neno "ya kisasa."

Glenys amerudi na shavu limekufa ganzi. Ameuliza kwa nini nyumba nzima inanuka lavenda. Nimemwambia Pansy alijigaragaza matopeni. Akamwekea chakula. Pansy alikinusa, akaenda kulala chini ya meza.

Dhamiri inamsumbua. Mbwa nao wanayo.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Bevan amekuja.

Nilimwona kutoka dirishani akishuka kwenye gari la shamba. Mzee mfupi, kofia kichwani, gambuti miguuni. Bunduki imelala kiti cha mbele, mahali pa abiria. Glenys alikuwa juu anatandika. Nilifungua mlango kabla hajabisha, na nilipokwisha kufungua nikajua kwamba hilo lilikuwa kosa.

Anazungumza taratibu, sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Amesema jana amepoteza wanakondoo wawili, na mama yao amechanwa mguu. Jirani wa chini ameona mbwa wa kijivu akipita mbio kwenye majani. Amefahamiana na Lavinia tangu wakiwa shule, akasema, na kama ni Pansy, anaomba aambiwe sasa, na ana kwa ana.

"Jana Pansy alikuwa wapi?"

"Pansy hajatoka uani," nikasema.

Akachungulia chini ya meza. Pansy alimtazama bila kuinua kichwa.

"Anaumwa?"

"Uzee."

"Ana miaka mitano huyu."

"Uzee wa mapema."

Bwana Bevan hakuondoka. Alisimama tu pale kizingitini, maji yakidondoka kwenye kofia, na ule ukimya wake ukawa unanisukuma mgongoni. Kunyamaza siwezi. Nikasema, kwa namna ya mtu asiyependa kusema, kwamba ng'ambo ya bonde yupo mbwa mwingine wa kijivu, mkubwa, na kwamba mimi mwenyewe nimeona picha yake akiwa juu ya mwamba bila kamba.

Sentensi hiyo nimeipitia tena na tena tangu asubuhi. Kila neno ni la kweli.

Akanishukuru. Akagusa kofia. Gari lake halikugeuka kurudi shambani, lilishuka kuelekea daraja.

Glenys ameteremka akauliza nani alikuja. Nikasema jirani, anatusalimu. Akainama chini ya meza na kipande cha kuku mkononi. Pansy amekataa hata kuku.

Chakula cha jioni nimeshindwa kula na mimi. Glenys akasema labda sote wawili tuna ugonjwa mmoja.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Nitaiandika yote, kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha mambo.

Asubuhi Glenys alikwenda dukani kununua mkate ambao mimi nilikuwa nimeusahau tangu Jumanne. Alirudi bila mkate. Amekaa kwenye kiti, koti hajavua. Amemkuta Hilary Cutbush dukani analia mbele za watu. Bwana Bevan alifika kwao jana. Barnaby alikiri kwamba Sultan alikuwa huru Jumatano asubuhi. Wakampigia simu mwenye Sultan, na yeye, mtoto wa wafugaji, akasema kama ni Sultan basi mzee afanye linalopasa. Leo Bwana Bevan amewaita waende kwake na mbwa.

Nikasema masikini. Nikasema Barnaby siku zote ni mzembe.

Glenys akanitazama. Ana macho ya kijani, Glenys. Nilikuwa nimesahau.

"Bi Prosser amenipigia simu," akasema. "Ameniuliza kamba ya kisasa inauzwa wapi."

Nikaanza kueleza.

"Mervyn. Ulimwosha mbwa kwa nini?"

"Matope."

"Jumatano haikunyesha."

Nilitafuta jibu. Kwa kawaida jibu huja. Nilitazama jikoni kote, na hakuna kilichonisaidia. Basi nikamwambia. Picha, sungura, damu, bafu, na Bwana Bevan mlangoni. Nilipofika kwenye ile sentensi yenye maneno yote ya kweli, alinyanyua mkono ninyamaze.

"Unataka wamuue mbwa wa watu," akasema, "kwa ajili ya picha."

"Kwa ajili ya nyumba. Kwa ajili yako."

"Kwangu usiniletee." Akasimama. "Mfunge Pansy kamba. Tunakwenda."

Nikamwambia afikirie. Tukisema, Pansy atapigwa risasi, na sisi tutakuwa tumemuua mbwa wa hakimu, na hakuna nyumba nchi hii itakayotufungulia mlango. Tukinyamaza, litakuwa jambo la kusikitisha lililowapata watu wengine. Glenys alikuwa ameshashika ufunguo wa gari. Akasema mimi naweza kubaki. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Nikaenda.

Njiani Pansy alikaa nyuma, amelaza kidevu begani kwa Glenys. Kila penye lango nilitamani liwe limefungwa na ufunguo umepotea. Yote yalikuwa wazi.

Gari la akina Cutbush lilikuwa limetangulia uani kwa Bwana Bevan. Sultan yumo ndani, anatutazama kwa yale macho ya buluu. Hai. Glenys alishusha pumzi nikaisikia.

Jikoni walikuwa wamekaa watatu: Bwana Bevan, Barnaby, na Hilary mwenye macho mekundu. Chai mezani, haijanywewa. Bunduki imeegemea kabati. Bwana Bevan alitaka kusema jambo, lakini Glenys hakumpa nafasi. Alisimama katikati ya chumba akasema kila kitu, bila kupamba wala kunipunguzia. Mume wangu alimfungua Pansy. Pansy alirudi na damu. Mume wangu alimwosha akasema hajatoka uani. Mume wangu ndiye aliyemtaja Sultan.

Barnaby aliniinukia. Ni mtu mrefu, nikarudi nyuma mpaka kwenye sinki. Lakini hakunigusa.

"Kaka," akasema, "leo tungemzika."

Hakuna utani wowote uliokuwa katika neno lile. Nilitamani anipige bega.

Bwana Bevan akasema, "Mleteni huyo mbwa."

Glenys akamvuta Pansy mbele. Nilishika ukingo wa sinki nikatazama nje dirishani. Nilimsikia mzee akipiga magoti sakafuni, anaguna. Kisha akaniita.

"Bwana. Njoo utazame."

Alikuwa ameinua mdomo wa Pansy wa juu kwa kidole gumba. Ndani, kwenye fizi, palikuwa na jeraha refu, limevimba, na ulimi umechanika pembeni.

"Seng'enge," akasema. "Kule juu ua wangu umeanguka. Alikuwa anamkimbiza sungura, waya ukamchana mdomoni. Damu hii yake mwenyewe. Siku mbili hizi amekula nini?"

Glenys alisema hajala kitu. Bwana Bevan akaniuliza mimi nilidhani ana nini.

Nikasema nilidhani ni dhamiri.

Hakuna aliyecheka. Glenys alipiga magoti akakiweka kichwa cha Pansy mapajani pake, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia.

Halafu mzee akasema. Wanakondoo wale aliwaokota Jumatano jua halijatoka, na walikuwa wamekwisha poa. Kabla mimi sijanywa chai. Kabla Sultan hajafunguliwa. Hilo alilijua, ila aliposikia habari za mbwa wa kijivu alitaka kuziamini, kwa sababu jibu jingine, la karibu zaidi, alikuwa halitaki. Basi leo alfajiri akalala kwenye majani na bunduki, na mbwa akaja akipita kwenye ua. Akamlenga.

"Nikaona kola niliyoinunua mwenyewe," akasema.

Ni Nel. Mbwa wake wa kuchungia kondoo, mweusi na mweupe, wa miaka kumi. Alipomwona bwana wake amelala majanini alikuja akalala kando yake, damu mdomoni, akaweka kichwa mkononi. Ndiyo maana aliwaita akina Cutbush: kuwaomba radhi. Nel amefungwa ghalani.

"Mbwa wa binamu yangu nilimpiga pale pale," Bwana Bevan akasema. "Binamu mwenyewe sikumpa nafasi hata ya kusema neno. Miaka yote nimesema sheria ni sheria."

Akasimama akachukua bunduki. Akatuomba tubaki ndani. Kwa sauti ile ile ya chini.

Glenys alikuwa amefika mlangoni kabla yake.

"Nipe mimi."

"Mama, mbwa akishaonja damu haachi."

"Najua. Niendako mimi hakuna kondoo. Kuna dada yangu Avis, kuna barabara ya lami, kuna makochi."

"Nyumbani kwako wapi?"

"Mimi sina nyumba," Glenys akasema. "Nina dada."

Alisema *mimi*. Nililisikia. Nadhani kila mtu pale jikoni alilisikia, na Hilary alitazama chini.

Mzee aliushusha mtutu ukaelekea sakafuni. Kule ghalani Nel alisikia sauti zetu akabweka mara moja, ule ubwekaji wa kuuliza. Bwana Bevan alikunja uso kama mtu aliyechomwa. Kisha akaifungua bunduki, akatoa risasi, akaiweka mezani kando ya siagi.

"Anapenda kukunwa nyuma ya sikio la kushoto," akasema, na akatoka nje upande mwingine, kule kusikokuwa na ghala.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari wa mifugo amemshona Pansy. Amekula uji wa maziwa na mayai, bakuli mbili. Akanilamba mkono. Hana kinyongo, tofauti na watu wengine wa nyumba hii.

Nel analala kwenye mkeka jikoni, amegeukia mlango. Hakuna anayempita bila kumwona akiinuka, akitazama kama ni bwana wake, na kulala tena.

Bi Prosser amepiga simu. Amekatiza safari, anarudi Jumanne. Aliniuliza maswali matatu mafupi. Nilianza kila jibu kwa "kwa kweli" na kila mara aliniambia nianze upya. Mwisho akaomba azungumze na Glenys.

Nilisikiliza ngazini. Glenys alisema ndiyo. Alisema nimeelewa. Alisema asante sana, mama, na sauti yake ikakatika kidogo. Baadaye ameniambia. Bi Prosser amempendekeza kwa nyumba ya Pembroke, kuanzia Septemba.

Nikamkumbatia. Nikasema nilijua tu, mambo huwa yanajipanga.

"Amenipendekeza mimi," Glenys akasema. "Jina moja."

Nikauliza kwani nyumba ile ina kitanda cha mtu mmoja? Akasema hapana, ina vitanda vingi. Akaenda kumpa Nel maji.

Jumanne, 12 Machi

Tumeondoka Cwmhesgin. Bi Prosser alimshika Glenys mkono kwa mikono miwili. Mimi alinipa chupa tupu ya sabuni ya lavenda nikaitupe mjini.

Kwenye lango la shamba alikuwa amesimama Bwana Bevan. Glenys akasimamisha gari. Mzee akaingiza mkono dirishani akamkuna Nel nyuma ya sikio mpaka gari lililokuja nyuma yetu likapiga honi. Nel alilia kilomita nyingi. Glenys naye, bila sauti. Nilitaka kusema jambo la kufariji na, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, nikajizuia.

Tulipopita mji wa pili alizungumza. Ninaweza kwenda naye kwa Avis. Nitalala sebuleni. Mpaka Septemba atanitazama. Hataki mipango, hataki mawazo, hataki nimshangaze. Anataka mwanaume ambaye akisema amempeleka mbwa matembezi, basi mbwa amepelekwa matembezi.

Nimekubali. Nilimwambia nimebadilika, na nilipokuwa nasema nilihisi kabisa machozi.

Alhamisi, 14 Machi

Kwa Avis. Kochi ni fupi, lakini sina lalamiko. Jana nilimpeleka Nel matembezi, na alikuwa amepelekwa matembezi. Glenys alinipa kikombe cha chai bila kuombwa.

Leo vile vile, isipokuwa kwenye bustani ya mji nimekutana na mwenyekiti wa kamati ya tamasha la majira ya kuchipua, bwana mmoja mchangamfu mwenye tai ya vipepeo. Ana shida. Kila mwaka huwa na mbwa anayeswaga bata mbele ya watu, kuwazungusha uwanjani na kuwaingiza kwenye zizi dogo, watoto wanapenda mno. Mwaka huu mwenye mbwa amevunjika nyonga. Alimtazama Nel, akaniuliza kama ni wa kazi.

Nikamwambia miaka kumi milimani. Kila neno la kweli.

Mwenye mbwa huyo hupewa kombe na kupigwa picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti la mji. Naiona tayari: Nel, mimi, kombe, na Glenys akilisoma gazeti asubuhi kabla sijaamka, halafu anakuja sebuleni taratibu na kunitazama kwa jicho jingine. Sijamwambia. Alisema hataki mawazo, na hili si wazo, ni nafasi iliyojitokeza yenyewe.

Kesho yeye na Avis wanakwenda kununua mapazia. Nitamshusha Nel bwawani tukafanye mazoezi kidogo. Glenys amekataza kondoo. Bata hakuwataja. Na bata ni ndege. Mambo yakiharibika, wataruka.